Aiskrimu ya Ukweni

Jumatatu, 4 Machi

Sijatulia. Nimefunga duka la viatu mapema, nimezunguka mtaa mzima, nimerudi, nimekaa, nimesimama tena. Jumamosi naenda ukweni kula chakula cha kujulikana. Chakula hakinitishi. Kinachonitisha ni kitakachofuata: aiskrimu!

Tumbo langu na maziwa haviivi chungu kimoja. Kijiko tu, nanguruma kama jenereta. Na baba mkwe mtarajiwa ndiye mwenye duka la aiskrimu! Anaitengeneza mwenyewe, maziwa mazito, krimu juu. Aliwahi kusema mbele yangu kuwa mwanamume anayekataa aiskrimu yake hapewi hata paka wa kulisha, sembuse binti.

Mchumba ananishauri nimwambie tu. Nimwambie! Nikapose kwa mwuza nyama, kisha nitangaze kuwa nyama siigusi?

Halafu yupo yule fundi wa majokofu. Anatengeneza mashine za mzee, anamaliza bakuli baada ya bakuli la aiskrimu, anaitwa “mwanangu”. Mimi naitwa “yule kijana wa viatu”. Kila tukikutana ananichekea. Simwamini hata kidogo.

Mpango: nitaenda na aiskrimu yangu isiyo na maziwa, niibadilishe jikoni. Kazi ndogo.

Jumanne, 5 Machi

Si ndogo. Nimechanganya tui la nazi na sukari, nimegandisha. Limetoka jiwe. Nimepinda kijiko kizuri cha dada, ambaye nakaa kwake na ambaye hanisaidii chochote zaidi ya kucheka.

Jaribio la pili nimeongeza siagi ya mkebe, ile ya mafuta ya mimea, ili ilainike. Ikalainika! Nikaonja, nikaongeza, nikajipongeza. Maandishi ya mkebe nimeyasoma baadaye. Ina unga wa maziwa. Nimeyasomea chooni.

Alhamisi, 7 Machi

Dada amenihurumia, au amehurumia vijiko vyake. Kanisukuma kando, katengeneza mwenyewe. Ndizi zilizoiva sana, zimekatwa, zimegandishwa, zimesagwa pamoja na tui zito. Vanila. Chumvi kidogo sana. Akawa anaitoa kila mara na kuikoroga kabla haijashikana. Laini ajabu! Rangi karibu sawa na ya mzee. Nimekula, nimesubiri. Tumbo kimya.

Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kufanya. Akasema mficha uchi hazai, nimweleze mzee ukweli. Watu wote ushauri mmoja! Wanachosha.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimelala kifudifudi.

Nilifika na chupa ya uji ndani ya mfuko, ndani yake aiskrimu ya dada. Nikaomba kuwasaidia kupakua. Mama mkwe akashangaa, mgeni na jikoni wapi na wapi! Nikasema ndivyo nilivyolelewa. Akaguswa sana, akanipisha. Nikajaza mabakuli ya mzee kwa aiskrimu ya mzee, na bakuli moja dogo kwa yangu. Dogo kwa makusudi, nionekane mtu wa staha. Nikabeba sinia, natembea kama bwana harusi.

Wakubwa huchagua kwanza. Mama mkwe akachukua lile dogo.

Nikamwambia hilo halimfai, achukue lililojaa. Akasema yeye siku zote huchukua dogo. Mchumba akathibitisha. Nikataka kuling'ang'ania. Mzee akauliza kama nampangia mkewe kiasi cha kula. Nikaachia.

Akaonja. Akaonja tena, akalimaliza, akaomba jingine! Mzee karibu adondoshe kijiko. Tangu waoane, mama huyu hajawahi kuomba nyongeza. Mzee akajisifu, akadai ni kwa sababu ya krimu mpya. Kisha akanigeukia mimi na bakuli langu lililojaa pomoni.

Nilikula. Lote. Nikajikaza kisabuni, nikasifu. Fundi wa majokofu alikuwepo, bila shaka, akaniambia niongeze.

Choo chao kimepakana na sebule. Ukuta mwembamba. Nilipokuwa huko, fundi alipandisha sauti ya redio ili watu wasisikie. Sitamsamehe kwa wema ule.

Jumapili, 10 Machi

Mchumba kaja. Mambo yamefichuka! Mama mkwe ameona chupa yangu jikoni, ameonja, kisha akalia. Kumbe na yeye maziwa hayamkubali. Tangu alipoolewa anachukua bakuli dogo, anaumwa kimyakimya, asimvunje moyo mumewe.

Mzee naye ameumia. Si kwa ajili ya maziwa, ni kwa kufichwa nyumbani kwake mwenyewe. Ameniita kesho. Mchumba amesema nikamjibu kweli, basi. Nikimdanganya baba yake tena, nisimtafute. Alisema taratibu, bila kufoka. Niliogopa kuliko kama angefoka. Nampenda jamani, sitaki kumkosa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshinda!

Mzee akaniuliza kama kweli maziwa yananidhuru. Nikasema ndiyo, shikamoo. Akanishika mkono, akaniita “mwanangu”. Mwanangu! Mbele ya fundi! Akasema binti yake amempata mtu asiyedanganya. Mama mkwe akapiga vigelegele.

Kisha mzee akataka kuuza dukani aiskrimu isiyo na maziwa, na ya kwanza ale mkewe. Akauliza ile ilitengenezwa na nani.

Neno moja tu lilihitajika. Dada. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Nikasema ni mimi, mzee, ni kipaji tu.

Alinikumbatia. Jumamosi nitatengeneza mbele ya ukoo mzima, kisha ndipo watapanga siku ya ndoa. Fundi ataniandalia jokofu kubwa la dukani. Mchumba hakupiga vigelegele. Amenitumia ujumbe kuwa nina hadi Jumamosi kusema kweli, la sivyo atasema yeye na pete atairudisha. Maskini, wasiwasi wa maharusi huo.

Sina wasiwasi mimi. Nimelichunguza lile jokofu. Nyuma yake pana nafasi ya mtu mwembamba, tena pana pa kupitishia bakuli. Dada ni mwembamba. Kilichobaki ni kumwambia.