Mtego wa Zabibu Kavu

Jumatatu, 3 Oktoba
Maoni mapya kwenye blogu yangu ya mapishi: moja. Moja tu! Na ni la yule yule anayejiita Kijiko cha Mbao. Kaandika: "Chumvi imezidi. Kijiko kimoja kinatosha, si viwili." Nimelifuta. Jumamosi kanisa letu linatimiza miaka mia, na Bi. Arlys wa jikoni ameniahidi meza ya mbele kwa sinia langu la nyama ya kusaga na viazi. Miaka yote meza hiyo ni ya jirani yangu, Delmar Kvistad. Wiki hii sitaki mtu asome neno chumvi.

Lakini ni nani huyu? Hapa Minnesota hakuna anayemwambia mwenzake chakula kibaya. Wanakitazama, wanasema "kina aina yake," wanasogea. Yeye kajifunzia wapi kusema ukweli?

Jumanne, 4 Oktoba
Kijiko karudi! Anauliza mbona sikuandika kwamba jana sinia liliungua chini nikakwangua kwa kisu. Nimepigwa na butwaa. Sikumwambia mtu. Jikoni nilikuwa na mke wangu Marlene, basi. Kwa hiyo ni Delmar, anachungulia. Nimetundika shuka dirishani. Marlene akauliza kulikoni, nikamjibu ni mambo ya usalama. Akasema haya, akarudi kwenye kompyuta yake.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mtego! Nimetangaza kwenye blogu kwamba Jumamosi nitatia zabibu kavu kwenye sinia. Uongo mtupu. Atakayeniuliza habari za zabibu ndiye msomaji wangu, na ndiye Kijiko. Akili ninayo, jamani.

Kijiko kajibu baada ya dakika tano: watu watakimbia, nifute hilo, na chumvi ni kijiko kimoja. Nimefuta maoni yake. Tangazo la zabibu nimeliacha.

Jumapili, 9 Oktoba
Jana nilisimama nyuma ya sinia, macho kwa Delmar. Wa kwanza kuja akawa mchungaji. Akauliza kwa upole kama zabibu ziko juu au chini. Mchungaji! Nikaanza kumtilia shaka. Kisha Bi. Arlys. Kisha mwenye duka la misumari, halafu mabinti wawili wa Lindquist. Kufikia saa kumi na mbili jioni nilikuwa na watuhumiwa kumi na tisa.

Wote wananisoma! Kimya kimya, miaka mitatu. Moyo ulinijaa, nikataka kulia. Ila kila niliyemwambia kwamba zabibu hazimo alitabasamu, akasema basi kitakuwa na aina yake, akaenda meza ya Delmar. Aliyeonja changu ni Delmar peke yake. Akanywa glasi tatu za maji. Hakutaja zabibu. Kumbe hana hata kompyuta.

Tulirudi na sinia zima mapajani mwangu. Nikamwambia Marlene sitatulia mpaka nimjue Kijiko. Akapunguza mwendo wa gari.

"Orrin, mume wangu, Kijiko ni mimi. Miaka thelathini na minne nakwambia mezani chumvi imezidi. Unaitikia ndiyo mpenzi, halafu unaongeza. Nikaona labda ukisoma utasikia."

Ni kweli nilisoma kila neno lake, mara mbili mbili, nikijiuliza ni mtu wa namna gani. Sikumbuki mara ya mwisho nilipojiuliza hivyo kuhusu Marlene. Niliona aibu mpaka tukafika nyumbani.

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimetafakari. Maoni ya wasomaji ni jambo jema sana, ila mtoa maoni asiwe na upendeleo, na huyu analala kwangu. Nimemfungia Kijiko. Hatoi maoni tena.

Mchana nilimpikia Marlene supu, nikamuuliza chumvi ikoje.

"Sijui, bwana. Nimefungiwa."

Akanywa glasi mbili za maji. Delmar alikunywa tatu, kwa hiyo naendelea vizuri. Nimechapisha makala mpya, "Kiasi Sahihi cha Chumvi," nikaomba kila mtu aseme ukweli wake.

Maoni mpaka sasa: hakuna. Wameridhika wote.