Gitaa Langu Juu ya Moshi

Jumatatu, 13 Oktoba
Mama Notburga, mwalimu wetu wa kwaya, ametangaza mtihani. Jumamosi mimi na Florian tutapiga magitaa yetu, kwaya nzima ikiwa imetupa mgongo. Litakalochaguliwa ndilo litakaloongoza Jumapili, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Miaka minane nimekaa nyuma ya Florian. Sasa basi.

Magitaa yote mawili ni ya Mzee Baltazar wa Mbuji, anayetengeneza matatu tu kwa mwaka na kuchoma tarehe ndani ya kila moja. La Florian ni la 1998, la marehemu baba yake. Langu la mwaka huu, bado linanuka vanishi. Watu husema ya zamani ndiyo yenye sauti. Watu gani? Florian.

Jumanne, 14 Oktoba
Bodaboda hadi Mbuji. Shikamoo, kahawa, kisha swali. Mzee akasema mbao ni zilezile, mkono uleule. Tofauti ni kwamba la zamani limekauka polepole na kupigwa miaka mingi. Nilichoshika: limekauka.

Jumatano, 15 Oktoba
Mke wangu Ephrasia ana kichanja cha kukaushia usipa, dagaa wa ziwa letu, kwa moshi. Usipa hukauka siku moja. Gitaa, nimekadiria, siku mbili ni sawa na miaka ishirini na saba. Ephrasia kauliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema sayansi isiguse usipa wake.

Alhamisi, 16 Oktoba
Gitaa limelala kichanjani, limekuwa na rangi ya chai. Nimeligonga. Linalia kizee kabisa! Nimemsalimia Florian njiani kwa huruma.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mgongo umebanduka. Shingo inacheza. Nimepaka gundi ya viatu na kulikaza kwa mpira wa baiskeli.

Jumamosi, 18 Oktoba
Florian kapiga. Sauti tamu, nakiri, ila ya chini. Nikapiga mimi. Aurelia wa sauti ya kwanza, bado katupa mgongo, akauliza nani kaleta usipa kanisani. Kura zote kwa Florian, hata ya Ephrasia, naye ni mwanakwaya.

Kisha Mama Notburga akaniita pembeni, kasikitika kweli. Akasema gitaa la Florian ni zuri sebuleni, lakini kanisani watu wa viti vya nyuma hawalisikii. Langu, Jumapili iliyopita, lilifika hadi mlangoni. Mtihani aliuweka ili kwaya ijisikilizie yenyewe na Florian asinune. Akauliza, langu nimelifanya nini?

Nimelia kidogo nyuma ya sakristia. Halafu nikatulia, nikafikiri. Kama moshi umelizeesha, dawa ni unyevu. Sasa hivi gitaa limo ziwani, nimelifunga jiwe lisielee. Misa ni saa mbili asubuhi. Nimemwomba Mama Notburga asimthibitishe Florian bado.