Difu ya Bujiku, Hendibreki Yangu

Jumatatu, 3 Machi 1986. Masumbwe.

Mvua tena. Mzee Ramniklal katuita dukani kwake, mimi na Bujiku. Kasema masika hii atatumia pikapu moja tu kati ya zetu mbili kupeleka mizigo kwenye duka lake la Katoro. Jumamosi kila mmoja wetu apakie chumvi. Atakayevuka Bonde la Kasela na kuifikisha kavu, kazi ni yake mpaka mvua ziishe. Kwa nini Jumamosi? Kwa nini chumvi? Nilimkazia macho. Akaniuliza kama naumwa.

Apolonia, mke wangu, kasema nikiikosa kazi hii pikapu inauzwa, na sote tunahamia Samuye kulima pamba kwa baba yake. Mimi! Nishike jembe huku mama mkwe ananichungulia kwenye mtama! Afadhali nimezwe na tope.

Bujiku ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kwa hiyo ni mtani wangu. Kwa hiyo haaminiki. Kwenye msiba wa babu alijilaza mbele ya jeneza, akagoma kuinuka mpaka apewe pombe, na wazee wakacheka! Mwaka jana alimkamata jogoo wangu mchana kweupe, akamla, na kwa mila ikabidi nicheke. Nilicheka. Bado inaniuma.

Jumanne, 4 Machi.

Nimekwenda kuipeleleza pikapu ya Bujiku. Nilijifanya natafuta mbuzi. Akaniona, akanisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka binamu, akanionyesha kila kitu mwenyewe. Mtu mwenye nia njema hafanyi hivyo.

Difu yake, zile gia za nyuma zinazogawia matairi nguvu, ni ya kufunga. Kuna kishikio karibu na usukani. Akikivuta, matairi mawili ya nyuma yanazunguka pamoja, hata moja likiwa hewani. Lakini kwenye barabara ngumu lazima akirudishe. Kwenye kona tairi la nje hutaka kwenda mbali kuliko la ndani, na likizuiwa, ekseli inaweza kukatika. Ekseli kukatika! Hilo nimeliweka moyoni.

Difu yangu ni ya aina nyingine. Pikapu niliinunua kwa watafiti wa dhahabu walipofunga kambi yao Geita. Haina kishikio. Tairi moja likianza kuteleza, difu yenyewe inaligawia la pili sehemu ya nguvu. Yenyewe! Bila kuniuliza! Gari ni langu, lakini huko chini kuna kitu kinajiamulia mambo.

Bujiku kasema difu yangu ni nzuri kwenye utelezi na haisumbui kwenye kona, ila tairi moja likikosa kabisa pa kushika, inalegea. Hapo nivute hendibreki kidogo huku nakanyaga mafuta. Tairi linalozunguka bure litabanwa, na nguvu itakwenda kwa lenzake.

Hendibreki! Ili gari liende! Nikamwuliza kama anadhani nimezaliwa jana. Akacheka. Anacheka nini?

Jumatano, 5 Machi.

Nimemwuliza fundi Gregory habari ya hendibreki, bila kutaja jina la mtu. Kanijibu vilevile kama Bujiku, neno kwa neno. Basi wameshaonana!

Ijumaa, 7 Machi.

Jua tangu jana. Barabara ya kwenda bondeni imekauka, changarawe tupu, kona juu ya kona. Nimepata wazo. Kesho Bujiku akiwa anakunywa chai, nitakivuta kile kishikio chake. Taa yake ya kuonyesha kwamba difu imefungwa imeungua, kaniambia mwenyewe. Hatajua kitu. Ekseli ikatikie kona ya kanisa, mbele ya watu.

Apolonia kauliza nacheka nini. Nimemwambia sicheki.

Jumamosi, 8 Machi. Katoro.

Nimekivuta! Bujiku katoka hotelini na maandazi, kanipa mawili. Ya nini? Nikampa mbwa. Mbwa akala, akatikisa mkia. Nimeshinda na njaa.

Katangulia yeye. Kabla ya kona ya kanisa, mvua ikamwagika! Barabara ikawa mlenda. Matairi yake yakateleza kidogo kwenye kona, ekseli ikabaki nzima. Akaingia bondeni difu ikiwa imefungwa tayari, hakusimama hata kidogo, huyoo, ng'ambo. Kule ndiko alikokiona kishikio kimevutwa. Akapaza sauti kumshukuru Mungu kwamba alisahau kukirudisha, maana angesimama kukivuta angezama palepale. Nilitamani kulia.

Nikaingia mimi. Katikati, tairi la kushoto likatumbukia shimoni, likazunguka bure. La kulia, kimya. Ile difu yenye maamuzi yake imeamua kupumzika.

Bujiku akaita kutoka ng'ambo kwamba nivute hendibreki. Watu waliosimama naye wakacheka. Aa, utani naujua! Nikazidi kukanyaga mafuta. Tukazidi kuzama. Maji yakaanza kuingia kwenye chumvi.

Apolonia alikuwa kando yangu, anakwenda kumwona dada yake Zipora. Akauliza kwa nini nisijaribu. Nikamkumbusha habari ya jeneza. Akasema jeneza halina difu. Nilipokanyaga tena kwa hasira, akaidaka hendibreki mwenyewe, akaivuta kidogo. Gari likatetemeka, likanguruma, likatoka!

Chumvi nusu imeyeyuka.

Jumapili, 9 Machi. Masumbwe.

Kazi kapewa Bujiku. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza jembe la Samuye. Mara Bujiku akamwambia Mzee Ramniklal kwamba mizigo ni mingi, gari moja halitoshi, na la pili liwe langu. Mzee kakubali, kwa sharti Apolonia akae mbele kila safari. Apolonia kalia kwa furaha. Samuye hatuendi.

Nikamwuliza Bujiku, nani humgawia mshindani wake kazi? Akasema ndugu. Ehee! Ndugu yule yule aliyemla jogoo!

Nimetafakari misa nzima. Kila kitu kinapitia kwenye hendibreki. Bujiku kanichekeshea watu kwa hendibreki. Mke wangu kaniendesha kwa hendibreki. Kwa hiyo baada ya chakula nimeingia chini ya pikapu, nimekata waya wa hendibreki, nimeutupa chooni. Tuone sasa watavuta nini.

Naandika hapa mlangoni. Pikapu nimeiegesha kwenye mteremko, juu ya duka la Mzee Ramniklal, ili niione vizuri. Nimeiacha bila gia, difu isije ikaamua jambo.

Apolonia anapiga kelele. Ananiita, Baba Esta, njoo haraka, pikapu inateremka kuelekea dukani kwa mzee, na ndani hamna mtu!

Nilijua tu. Bujiku kajificha chini ya kiti.