Kidonge Kisicholeta Usingizi

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita. Daktari wa kliniki ya kona asipoanza kuwaandikia wagonjwa vidonge vyetu vya kutuliza wasiwasi kufikia Ijumaa, nirudishe mkoba wa sampuli, na kazi iishie hapo. Nikamshukuru. Wengine hutimuliwa palepale! Shemeji, kaka wa mke wangu, anauza dawa za kampuni pinzani, na keshampa daktari saa ya ukutani. Mke anamsifu hadi mezani. Habari ya bosi sijamgusia.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni mali! Nimemtuma shangazi kliniki, ajifanye moyo unamwenda mbio, aombe kidonge chetu kwa jina. Daktari kamuuliza tu, mama, nini kinakusumbua? Basi! Shangazi kamwaga yote, tangu mumewe alipofariki. Kalia, kasikilizwa, katoka bila kidonge, uso umemnawiri. Kanibariki kwa kumpeleka. Atarudi na majirani zake, nao wakazungumze. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Lakini jamani, mauzo yangu!

Alhamisi, 6 Machi

Zamu yangu kwa daktari. Mikono ikitetemeka, nikameza sampuli mlangoni. Nikaeleza vizuri ajabu. Nilipofika kwenye "hakileti usingizi mchana", sentensi sikuimaliza. Nimeamka jioni kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, nimefunikwa koti la daktari. Lo, aibu! Hakucheka. Kasema mimi ni muuza dawa wa kwanza kumfundisha kitu. Kisha kaniuliza nini kinanisumbua. Nikamwaga kuliko shangazi. Aliyekuja kunichukua ni shemeji, na njia nzima hakunitania. Nyumbani nikamweleza mke kila kitu. Kanishika mkono tu. Mke kama huyu simstahili.

Ijumaa, 7 Machi

Mkoba umerudi kwa bosi. Daktari alimpigia simu kunitetea, akamsimulia nilivyolala fofofo. Nia yake ilikuwa njema, nashukuru.

Jumapili, 9 Machi

Nina watu mimi! Shemeji kanitafutia usaili kesho, kampuni yao. Mke kasema niende hivihivi, mikono ikitetemeka itetemeke. Ana busara. Ila shemeji kaniachia pakiti ya vidonge vyao ili nisome maelezo. Nimeyasoma. Vyao havileti usingizi, wameandika kwa herufi kubwa kabisa. Asubuhi nitameza viwili.