Rika la Kuazima

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeaibishwa na msichana wa mapokezi. Kampuni ya mbegu, mjini Nakuru. Nilifika mapema, tai imekazwa, faili kwapani. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, watoto wa interview wanangoja huko nyuma. Wako anaitwa nani?" Nikashindwa kusema kwamba wangu ni mimi. Nikataja jina la Cheruto, binti yangu, ambaye ni mwalimu na hatafuti kazi yoyote. Msichana akamtafuta kwenye orodha! Nikasema labda amechelewa, nikatoka nje upesi.

Nina miaka hamsini na tatu. Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha unga kwa miaka ishirini na miwili, hadi kilipofungwa mwaka jana. Tangu hapo kila tangazo la kazi linasema mwombaji asizidi arobaini. Mke wangu Jelagat hajui, lakini naogopa. Naogopa kwamba nimeisha. Naogopa kile kiti cha plastiki pale mlangoni kwetu Rongai, kwamba nitakikalia hadi waje kunibeba.

Jumatano, 5 Februari

Mpango! Kiwanda cha chakula cha mifugo, barabara ya Bahati, kinatafuta mtunza stoo. Asizidi arobaini. Basi sitazidi.

Nimekwenda kwa Nuria, yule mwenye saiba, duka la kompyuta karibu na soko. Nimemwomba aandike thelathini na tisa na afute mwaka niliomaliza kidato cha nne. Kitambulisho ndicho kilichonitesa. Tukatoa kopi, halafu kopi ya kopi, halafu kopi ya hiyo, mara saba, hadi mwaka wa kuzaliwa ukawa doa jeusi. Tatizo ni kwamba uso wangu pia ukawa doa jeusi. Nuria akaishika juu kwenye mwanga. "Mzee wangu, hii sasa ni makaa." Nikamwambia apige muhuri tu.

Nimenyoa ndevu zote. Jelagat alipoingia akauliza ni nani amekufa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetoka kwenye interview ya kile kiwanda cha barabara ya Bahati.

Aliyeniuliza maswali ni Micah, meneja wa wafanyakazi, kijana wa suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu. Panya kwenye magunia, unyevu, kompyuta. Nilijibu vizuri. Pembeni alikaa mwenye kiwanda, mzee Kosgei, amefumba macho, nikadhani amelala. Hakuwa amelala. Ghafla akauliza, bila kufumbua macho, mimi ni rika gani.

Kwetu Wakalenjin unaweza kudanganya kuhusu miaka, lakini rika ni wale ulioingia nao jandoni, na hao ni ndugu hadi kaburini. Mimi ni Kaplelach. Sisi Kaplelach wa mwanzo tumepita hamsini. Wanaotufuata ni Kimnyige, wadogo zetu, wa thelathini na kitu. Mtu wa miaka thelathini na tisa angekuwa nani? Nikahesabu haraka.

Nikasema Kimnyige. Hivyo tu, mchana kweupe! Mzee akafumbua jicho moja, akanitazama kwa muda mrefu, akalifumba tena. Jioni Micah akapiga simu kwamba nianze Jumatatu. Nilifurahi sana. Baadaye nikagundua kwamba haikuwa furaha, ulikuwa woga.

Jumatatu, 10 Februari

Kazi! Stoo ilikuwa aibu tupu. Pumba juu ya chumvi ya ng'ombe, dawa za kuku karibu na dirisha. Kufikia saa nne nilikuwa nimepanga kila kitu. Micah akasifu nguvu za ujana. Mgongo wangu haukusikia sifa hizo.

Kwenye mizani kuna Kemboi, miaka thelathini na mitatu, Kimnyige wa kweli. Aliposikia kuhusu rika langu alinikumbatia. "Niaje bro! Kumbe wewe ni wetu! Lakini jua la Rongai limekukaanga, bro." Akauliza niliingia jandoni na kina nani. Nikasema tulikuwa wengi. Akauliza mwaka gani. Nikaangusha gunia.

Saa ya chai nikakaa kwenye benchi. Akaja dereva mmoja wa miaka arobaini na sita, Kaplelach wa mwisho mwisho. Akaniambia mdogo huinuka mkubwa anapofika, na nimletee chai. Niliingia jandoni miaka saba kabla yake! Nikainuka. Nikaleta chai. Nikamwekea vijiko sita vya sukari ili akome. Kumbe hivyo ndivyo anavyoipenda, na sasa anataka niilete mimi kila siku.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwisha.

Kemboi alikuja stoo akiwa na wasiwasi. Jumamosi anapeleka wazee kuposa, na anamwogopa baba wa msichana, anasikia ana kiburi. Mimi nikamshauri kama kaka. Wazee wa aina hiyo ni kelele tu, nikamwambia. Asifu ng'ombe wake, acheke kila anapocheka. Akanishukuru sana. Akatoa simu anionyeshe picha ya msichana.

Cheruto!

Wageni wa Jumamosi! Jelagat aliniambia wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nasoma matangazo ya kazi, nikaitikia ee, ee. Sikuuliza hata jina la kijana. Naye Kemboi hawezi kujua, kwa kuwa kazini Cheruto hutumia jina la babu yake, na ndilo analolijua. Nikauliza msemaji wao ni nani. Akajibu kwa fahari kwamba mzee Kosgei amekubali kwenda mwenyewe.

Nimekaa chooni dakika ishirini nikifikiria. Kwetu mtu haoi binti wa mwenzake wa rika. Huyo ni binti yake mwenyewe, na hakuna mzee atakayelisikiliza jambo hilo mara mbili. Nikiwa Kimnyige, Cheruto hana mume. Nikiwa Kaplelach, sina kazi.

Ijumaa, 14 Februari

Mpango! Ndugu yangu Kiprotich atakaa kwenye kiti changu kama baba mkubwa wa msichana. Mimi nitakuwa nimeitwa Eldoret kwa dharura. Wakati huo nitajificha kwenye ghala la mahindi nyuma ya jiko, nitoke wakishaondoka. Kiprotich amekubali kwa sharti kwamba avae koti langu jipya.

Nimelazimika kumweleza Jelagat kila kitu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema tu kwamba Cheruto amengoja siku hii tangu mwaka juzi, na kwamba atamtafuta baba yake kwa macho. Halafu akaenda kuchambua mchele.

Jumamosi, 15 Februari

Niliingia ghalani saa tatu. Vumbi la mahindi puani, wadudu kwenye soksi. Nikasikia magari, salamu, sala, kicheko cha mzee Kosgei. Nikasikia Kiprotich akieleza kuhusu Eldoret. Alisema nimeenda kumwona shangazi mgonjwa. Baada ya dakika kumi akasema nimeenda kumzika.

Chakula kikaliwa. Nikaanza kuamini. Halafu mzee Kosgei, ambaye maisha yake yote ni nafaka, akasema kabla ya mazungumzo angependa kuona mahindi ya mwaka huu yalivyokauka. Kiprotich akasema ufunguo umepotea. Lakini ghala halina kufuli! Mlango ukafunguliwa. Mwanga ukanipiga usoni nikiwa nimechuchumaa kati ya magunia mawili.

Kemboi alikuwa nyuma ya mzee. Kwanza akafurahi. "Bro! Unafanya nini hapa?" Halafu akamtazama Jelagat, akamtazama Cheruto, akanitazama mimi. Nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Akakaa chini palepale kwenye vumbi na suti yake, akashika kichwa. Akasema polepole kwamba basi, mimi nikiwa rika lake, Cheruto ni binti yake.

Cheruto hakulia. Aliniangalia tu, kama alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo, nilipochelewa kumchukua shuleni. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Si Micah, si kile kiti cha plastiki. Nikasikia sauti ndogo ikisema, "Mimi ni Kaplelach. Nina miaka hamsini na tatu." Ilikuwa yangu.

Kemboi akaruka, akanikumbatia pamoja na vumbi langu lote, akaanza kuniita mzazi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Kosgei peke yake hakucheka. Alichukua punje moja, akaiuma, akasema imekauka vizuri, na nifike ofisini Jumatatu na funguo.

Jumatatu, 17 Februari

Nimerudisha funguo.

Mzee alinikaribisha chai, jambo lililoniogopesha. Akaeleza kwamba sharti la miaka arobaini liliwekwa na Micah, na yeye alitaka kulifuta. Siku ile aliuliza rika langu kwa sababu alikuwa akitafuta Kaplelach mmoja, mtu mzima wa kuwatuliza vijana pale. Ningesema ukweli angenichukua palepale, na umri wangu huo huo. Lakini, akauliza, mtu anayekana ndugu zake wa jandoni atashindwaje kukana gunia? Nilitamani sakafu ipasuke.

Kwa ajili ya Cheruto na Kemboi, akaniandikia barua. Ana rafiki Mai Mahiu mwenye yadi ya malori, anatafuta karani mtu mzima. Akaniambia huyo hatauliza mengi, atauliza umri tu. Nimwambie ule wa kweli, basi. Alirudia mara tatu.

Jumanne, 18 Februari

Nimefikiria tangu jana na naogopa tena. Mtu mzima. Hamsini na tatu ni utu uzima gani? Watakuja wa hamsini na tisa, watakuja wa sitini, na mvi zao zote. Mimi hata ndevu sina. Wataniona mtoto!

Nimekwenda kwa Nuria. Aliondoa vidole kwenye kompyuta, akaniuliza kama ninaumwa. Lakini ameandika. Sitini na mmoja. Kwa rika nimesema Kipkoimet, kaka zetu wakubwa, na nimeanza kuinuka kwenye kiti kwa kushika kiuno.

Habari njema jioni. Jelagat amepata habari kwa majirani kwamba mwenye yadi ni Kipkoimet mwenyewe, mzaliwa wa hapa hapa Rongai, na kila Desemba huwaita nyumbani wote aliotoka nao jandoni. Anawajua mmoja mmoja kwa majina. Leo nitalala kwa raha. Mwenzangu wa rika hawezi kunisumbua kwa maswali.