Bawa Lililoandikwa Usiguse

Jumamosi, 12 Julai

Mabawa yamekwisha! Saa nne asubuhi gundi imekauka, hakuna ufa hata mmoja. Ukiyalaza sakafuni ni marefu kama mlango. Nayainua kwa kidole kimoja! Mota, betri na rimoti nilinunua kwa fundi mmoja Wandegeya. Vijiti vya mkia nilimwomba mchoma mishikaki. Magurudumu nimeyakata kwenye ndara yangu moja ya bafuni. Miezi mitatu ya kazi, na mimi ni fundi redio tu, sijasomea urubani popote. Tena ndege hii haitahitaji mtu! Ina kadi ndogo kama kiberiti inayoendesha kila kitu yenyewe. Kadi hiyo nimeiita Rubani.

Tatizo dogo. Mke wangu ameondoka.

Nieleze kwa haki. Mabawa yalihitaji kitu chepesi na kigumu. Jikoni palikuwa na boksi la barafu la Aciro, lile jeupe la povu gumu, analouzia juisi ya pasheni pale stendi ya boda. Miaka kumi na moja anabeba boksi kichwani. Nilidhani leo hauzi. Kumbe alikuwa na oda ya harusi! Aliingia na jagi mkononi, akakuta boksi limekuwa bawa. Nikamwonyesha kwamba hata maneno yake, aliyoandika kwa kalamu nene, nimeyakata kwa uangalifu na yamebaki yote chini ya bawa la kushoto: ACIRO. USIGUSE. Hakufurahi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja nguo zake, akaniita Baba Zuleika, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Arua, akasema anakwenda Bukoto kwa dada yake Alal. Siku nitakapoweza kumwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kosa nililomfanyia, atarudi. Si kwa simu. Si kwa kumtuma mama. Kwa mdomo.

Nitasema. Kwa nini nisiseme? Kwanza gundi ya mkia.

Jumapili, 13 Julai

Nyumba kimya mno. Mama yangu, Kulusum, anakaa mlango wa pili. Mchana nilikuta chakula kwake kimefunikwa kwa kawa alilolisuka mwenyewe, lile zuri kuliko yote. Nikanyoosha mkono. Kumbe kinapelekwa Bukoto! Mama mzazi! Anasema mtoto wake ni Aciro, mimi ni mpangaji. Nimekula chapati ya barabarani.

Lakini nimepata wazo. Nitamwandikia Aciro barua, na ndege itaipeleka Bukoto yenyewe, ikiongozwa na Rubani. Itatua uani, miguuni pake. Barua ya mkono wangu ndani ya ndege ya mkono wangu. Hiyo si sawa na mdomo? Naona ni zaidi.

Jaribio la kwanza jioni, uwanja wa mpira. Rubani hajawashwa, naiendesha kwa rimoti tu. Ikapanda! Ikainua pua. Ikainua zaidi. Ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, kisha ikashuka kwa mkia. Upepo.

Jumatatu, 14 Julai

Odoch alikuja dukani. Mimi na Odoch tulijifunza ufundi kwa mwalimu mmoja. Siku hizi ana droni ya kununua, anapiga picha za harusi, na anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Aliitazama ndege yangu akauliza kama ni meza ya kupigia pasi. Nikamwambia hii nimeiunda mwenyewe. Akasema inaonekana.

Akanifuata mpaka uwanjani, bila kualikwa. Jaribio la pili, Rubani kazini! Ndege ikalala kidogo kushoto. Kazi ya Rubani ni kuinyanyua. Akailaza zaidi! Ikapinduka tumbo juu, moja kwa moja jalalani, katikati ya kalooli watano. Wale ndege wakubwa wenye upara hawakusogea hata hatua. Mmoja akapanda juu ya bawa, akasimama pale kana kwamba amepanga chumba. Nikamrushia ndara iliyobaki. Ndara akaondoka nayo.

Odoch alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaigeuza kadi, akanionyesha mshale mdogo uliochorwa juu yake. Mshale unatakiwa uelekee puani. Wangu ulielekea mkiani, kwa sababu hivyo tundu la waya ni rahisi kufikia. Basi Rubani alikuwa anaona kila kitu kinyume. Kila akirekebisha, anaharibu. Nilimwambia Odoch kwamba nilikuwa karibu kugundua. Inaudhi sana mtu wa aina ile akiwa na haki.

Jumatano, 16 Julai

Safari ya siri, Bukoto. Rubani hawezi kwenda asikokujua. Lazima apewe namba za mahali, ambazo simu inazisoma kutoka satelaiti, na lazima uwe umesimama papo hapo. Boda, dakika kumi, nikashuka kwa Kidega.

Kidega ndiye mume wa Alal. Mimi na yeye tumeoa dada wawili, na kufanana kwetu kunaishia hapo. Ni sajenti wa polisi. Anapiga pasi mpaka soksi.

Geti lilikuwa wazi. Aciro alikuwa uani anaosha vikombe. Akaniona. Akasimama, akajifuta mikono kwenye lesu yake. Tulikuwa mbali hatua sita hivi. Alichukua kikombe kimoja katika vile alivyoosha, akakiweka mezani karibu na birika, akanisubiri.

Nikainua simu. Nikangoja isome. Ikasoma! Nikamwambia asante, nikaondoka.

Kosa lisilozidi mita tatu! Usahihi wa ajabu!

Saa kumi na moja. Bado nakifikiria kile kikombe.

Alhamisi, 17 Julai

Kidega amepiga simu. Ameuliza, kwa sauti ya kituoni, kama nina akili timamu. Anasema Aciro alikaa na birika lile mpaka chai ikapoa, na alipoulizwa kulikoni akasema moshi umemwingia machoni. Halafu akaniarifu kwamba kitu chochote kisicho na kibali wala rubani kikiingia uani kwake, atakikamata akiweke ndani. Nikamjibu kwamba rubani yupo. Akakata simu.

Barua imekamilika! Nimeiandika mara sita. Kurasa mbili, pamoja na mchoro. Nimeeleza uzito wa boksi, ugumu wa boksi, na kwamba Kampala nzima hapana boksi jingine ambalo lingefaa kama lake. Kama hiyo si sifa, sijui sifa ni nini. Nikamsomea mama. Alisuka mpaka nikamaliza, hakuinua kichwa. Kisha akauliza neno nisamehe liko ukurasa gani.

Nikatafuta. Wallahi nilidhani nimeliandika. Kuna nafasi kidogo pembeni ya mchoro.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala nimeongeza zawadi. Kopo la odii, ile siagi ya ufuta na karanga aliyoipenda Aciro tangu utoto wake Gulu. Nimelifunga mkiani pamoja na barua, palikuwa na nafasi. Mshale umeelekea puani. Kila kitu tayari.

Jaribio la tatu. Pua juu, kusimama, chini kwa mkia. Mbaya kuliko Jumapili! Odii imesalimika, bawa la kulia limepata ufa. Upepo tena. Mama anasema moshi wa jiko lake ulikuwa unapanda wima kabisa, lakini mama hajui mambo ya anga.

Nimerudi nyumbani nikatoa sahani mbili. Mkono umezoea. Nikairudisha moja, halafu sikuweza kula. Miaka kumi na moja naamka nikimsikia Aciro akichuja pasheni huku anaimba puani, na kila asubuhi nalalamika ananikatizia redio. Wiki hii redio naisikia vizuri sana. Sina haja nayo. Namtaka Aciro.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Mtaa mzima ulikuja uwanjani. Odoch na miwani yake. Mama na kigoda chake. Mwenyekiti wa mtaa, aliyeruhusu ndege iruke mradi isipite juu ya nyumba yake. Nimeziba ufa, napima upepo kwa kidole, mara pikipiki ya polisi inaingia. Kidega! Sare, soksi zimenyooka. Na nyuma yake, Aciro.

Kidega alitangaza kwamba amekuja kuzuia. Mama akamwambia akae kwenye kigoda, anamzibia jua. Akakaa. Aciro akasema yeye amekuja kuchukua boksi lake, hata kama sasa lina mkia.

Akaiinua ndege. Nikajua anaivunja. Nikafumba macho, nikajiambia ana haki.

Hakuivunja. Aliweka kidole kimoja chini ya kila bawa, akaiacha ijipime. Mkia ukashuka pale pale. Akauliza ni nani aliyepakia mzigo namna hii. Akasema barafu haiwekwi upande mmoja, angebeba hivi kichwani asingefika hata stendi. Akalitoa kopo la odii mkiani, akalifunga puani. Akasogeza betri mbele vidole vitatu. Akaiinua tena. Ikatulia juu ya vidole vyake, haiendi huku wala kule. Kumbe! Wiki nzima nautukana upepo, na mjuzi wa mizigo nimemfukuza mwenyewe!

Barua aliikuta pia. Aliitia kifuani bila kuifungua, akasema makubaliano yetu yalikuwa mdomo.

Nikarusha. Ikapanda! Pua sawa, mkia sawa! Ilipofika juu nikamwasha Rubani. Bukoto hapakuwa na haja tena, aliyekuwa Bukoto yuko hapa. Nikamwamuru azunguke tu juu ya uwanja. Akazunguka. Mara ya kwanza, mara ya pili, bawa la kushoto limeinama kidogo kwa adabu, na kila likipita juu yetu watu walisoma kwa sauti: ACIRO! USIGUSE! Mke wangu akaziba mdomo kwa lesu. Nadhani alikuwa anacheka.

Nikaanza kumweleza habari za mshale. Akanikata. Akauliza ni nani anayeiendesha sasa. Nikasema Rubani. Akauliza mikono yangu inafanya nini. Nikaitazama. Imeshika rimoti, haifanyi lolote. Akaichukua ile rimoti, akampa Kidega aishike. Akasema basi nina nafasi.

Loo! Miezi mitatu nimetengeneza kitu cha kunipumzisha mikono, sikujiuliza hata siku moja ikipumzika nitajificha wapi. Nikamwambia kwamba nilichukua boksi lake bila kumwuliza, nikijua ndilo kazi yake. Kwamba nilimharibia oda ya watu, na nilikata jina lake kwa kisu nikaona nimefanya jambo zuri. Kwamba alipoweka kile kikombe nilikiona, nikaogopa, nikajificha nyuma ya simu. Kwamba nyumba haikaliki bila yeye. Nikamwomba anisamehe. Haya yote mbele ya Odoch!

Aliifuata ndege kwa macho mzunguko mzima. Ndege ikapita. Kisha akasema amenisikia. Akasema pia Alal amempa kile kikombe, kiko kwenye mkoba, kwa hiyo chai tunaweza kunywea nyumbani.

Mzunguko wa tisa betri ikachoka. Ndege ikashuka taratibu, ikapita juu ya nyumba ya mwenyekiti, ikatua katika mihogo yake. Kopo halikupasuka. Jioni tumekula viazi vitamu na odii, mimi, Aciro, mama, na Kidega, ambaye amekataa kurudisha rimoti mpaka aonyeshwe kitufe cha kuzungusha.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamshwa na pasheni inachujwa. Sikuwasha redio.

Nimemnunulia boksi jipya, kubwa kuliko la kwanza. Nimelibeba kichwani mwenyewe kutoka Wandegeya ili nijue anachokijua. Limeanguka mara nne. Nimeapa mbele yake na mbele ya mama kwamba sitaligusa. Naapa kwa moyo mweupe. Nimejifunza! Mtu huuliza kwanza.

Barua ameisoma. Anasema mchoro ni mzuri.

Alhamisi, 24 Julai

Ndege inahitaji mabawa mapana zaidi. Odoch mwenyewe amekiri. Na Kidega amepiga simu mara mbili kuuliza itaruka lini tena, anasema anauliza kwa sababu za usalama.

Aciro amejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana. Boksi liko jikoni. Sijaligusa. Nalitazama tu, macho hayajakatazwa. Ni gumu, jeupe, halina hata mkwaruzo. Kifuniko kina unene wa vidole vitatu! Hivi boksi la barafu lina haja gani na kifuniko? Kitambaa kilicholowa kingetosha kabisa, tena kinapitisha hewa.

Nimekiinua kidogo, kupima tu. Nikakigeuza. Upande wa chini, kwa kalamu nene: BABA ZULEIKA, NAKUONA.

Nimekirudisha haraka. Nimekaa chini jikoni nimecheka mpaka machozi, nimeziba mdomo nisimwamshe. Mwanamke huyu! Nampenda, wallahi, nampenda sana.

Ubavuni mwa boksi hajaandika kitu.