Kitaa Chekundu na Posa Yangu

Wenzangu wa Dar, leo nimeadhirika. Tena si kwa kunong'onezana. Nimeadhirika kwa spika mbili, moja barabarani, moja uani kwa akina mama.

Mnajua nimeposa kwa Mzee Kondo hapa Bagamoyo, binti yake Zuhura. Mjomba wangu wa Zinga ndiye mshenga, na jibu lilikuwa litolewe leo baada ya maulidi nyumbani kwao. Sasa maulidi yanataka spika, na spika zinataka fundi. Fundi ni mimi. (Mwenyewe niliomba.)

Mashine ya kukuzia sauti niliipamba. Mnakikumbuka kile kitaa chekundu mlichoniletea, kidogo kama punje ya mtama, kisichopata moto? Nilikifunga mbele. Nyuma yake nikaweka aisii, kile kidude cheusi chenye miguu minane. Ukigusa swichi ya kuwashia mashine, aisii inapata habari, inakiwasha kitaa. Ukigusa tena, inakizima. Nikawatangazia wazee, mkwe mtarajiwa akiwemo: "Kitaa kikiwaka, chungeni ndimi. Kikizimika, semeni mtakalo."

Mzee Kondo akasema, "Mashaallah, kijana ana akili huyu." Nikavimba kichwa.

Alasiri, katikati ya kasida, umeme ukakatika. Kitaa kikazimika. Watu wakaletewa kahawa. Mimi nikabaki chumba cha mashine na rafiki yangu Idi, maikrofoni mkononi, naifuta vumbi. Swichi sikuigusa. Ya nini, na umeme haupo?

Idi akaniuliza, "Mzee anakupenda hivi, kwani umemfanyia nini?"

Nikatazama kitaa. Kimezimika. Nikafungua moyo.

"Nimekaa na redio yake wiki tatu! Waya mmoja tu ulikuwa umeachia, niliuunga siku ile ile. Lakini nikiirudisha, nitapita kwao kwa sababu gani? Kila akija namwambia, 'Spea haijafika kutoka Dar, mzee. Pitia wiki ijayo.' Jioni naenda kwake kukagua waya wa antena. Antena yenyewe haina kosa. Ninayekwenda kumtazama ni Zuhura!"

Idi akacheka mpaka akashika ukuta. "Na ile alfajiri ya kila siku msikitini aliyoisema mshenga?"

"Mjomba kanipamba tu. Alfajiri mimi ni gogo."

Hapo nikasikia mtu anapayuka barabarani. Nikakasirika. "Nani huyo asiye na adabu, anapiga kelele kwenye maulidi ya watu?"

Naye huko nje akauliza vivyo hivyo. Kwa sauti yangu.

Jamani! Umeme ulikuwa umerudi. Mchana kweupe, hakuna balbu iliyowashwa, nani angejua? Swichi ilikaa pale pale nilipoiacha, imewashwa, kwa hiyo mashine ikaamka. Lakini aisii haina kumbukumbu. Umeme ukikatika inasahau yote, ukirudi inaanza na kitaa kimezimika, inangoja swichi iguswe. Na swichi haikuguswa. (Nyumbani niliijaribu mashine jana kutwa. Kukata umeme na kuurudisha sikujaribu hata mara moja. Fundi mimi!)

Uani wanawake wakaangua vicheko. Nikakitambua na cha Zuhura, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Mjomba alikuwa anatafuta viatu vyake.

Nikageuka. Mzee Kondo yuko mlangoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema. (Tulishaamkiana mara mbili leo.)

"Marahaba, fundi."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akanyoosha mkono, nikampa maikrofoni. Akakitazama kitaa, bado kimezimika. Akaipuliza maikrofoni. Spika zikaitika nje, fuu! Akatikisa kichwa polepole.

"Mshenga," akasema, na mpaka sokoni walimsikia, "jibu la posa liko tayari. Ila spea haijafika kutoka Dar. Mwambie mwanao apitie wiki ijayo."

Redio nimeirudisha kabla ya magharibi. Inasema vizuri sana. Mzee ameipokea, ameshukuru, amefunga mlango.

Sasa msinicheke. Dar mko ninyi, basi nitafutieni hiyo spea.